Meza ya Jumapili ya Dokta Verlyn

Nyie watu wa Tillford, hebu wekeni chini hayo mahindi mnisikilize! Najua mmeshasikia. Mmesikia pale duka la mbegu, mmesikia saluni, mmesikia kanisani hata kabla mchungaji hajamaliza matangazo. Lakini nusu ya mliyosikia ni uongo, na ukweli wenyewe unauma kuliko uongo wenu wote. Kaeni basi, tuanze na Jumapili ile ya kwanza, maana Jumapili kila kitu kilikuwa kizuri.

Yaani kizuri cha kukera. Madirisha wazi, upepo wa mtoni unapita, mama Idella Haverkamp katoa nyama ya kuoka inayokatika kwa uma, mahindi yanachuruzika siagi, na ile jeli yake ya kijani yenye karoti ndani, ambayo hakuna anayeipenda na hakuna anayethubutu kuibakiza. Kichwani pa meza kakaa mumewe, Dokta Verlyn, na ile mikono yake mipana kama sepetu. Kulia kwake binti yao wa pekee, Marlys. Na pembeni ya Marlys, mumewe Gaylen Wessels, mfuga nguruwe, mcheshi kupita kiasi, mtu wa kumchekesha hata mtoza ushuru.

Ila siku hiyo Gaylen alikuwa anakula amesimama.

"Mkwe, kiti kimekukosea nini?" Dokta Verlyn akauliza.

"Hakijanikosea kitu, baba. Tumenuniana tu tangu siku nilipoinua lile hori la nguruwe."

Wakacheka wote. Marlys naye akacheka, ingawa alikuwa amemwona mumewe asubuhi ile akishuka kitandani kama mzee wa miaka tisini.

Sasa, kwa nyie mliohamia juzi: Dokta Verlyn ni tabibu wa mgongo, kama baba yake kabla yake. Hatoi dawa, hapasui mtu. Anakulaza kifudifudi, anapapasa pingili za mgongo moja moja mpaka aipate iliyokaa vibaya, halafu anaisukuma kwa kishindo, kho! Nawe unainuka unacheka. Na tuseme haki, wengi wetu katuinua. Baba yangu mimi alibebwa kuingia kwake akatoka anatembea. Marlys naye kasomea kazi hiyohiyo kule chuoni Davenport, karudi ana cheti chake ukutani, wanafanya kazi chumba kwa chumba, baba na binti.

Na ukoo huo una desturi yake. Kila Jumapili, sahani zikishaondolewa, wote wanahamia chumba cha pili penye meza ya kunyooshea, ile ya zamani ya ngozi nyeusi, ya babu. Wanajipanga mstari kuanzia mkubwa. Marlys alinyooshwa shingo juu ya meza ile siku aliyozaliwa, hata kuogeshwa alikuwa bado. Nyumba ile aspirini haijawahi kupita mlangoni. "Haverkamp haendi hospitali," Dokta Verlyn anasema hivyo kama wengine wanavyosema sala ya chakula, na wote huitikia kwa kuinamisha vichwa.

Upande wa pili wa barabara kuu ndipo alipo Daktari Whitcomb, daktari wa hospitali, mwenye dawa na sindano. Kliniki mbili zinatazamana dirisha kwa dirisha, na wenyewe wanatazamana kwa macho ya kuuana. Chama chao hao madaktari kilishawaambia miaka na miaka wasishirikiane na watu wa mgongo, kwamba ni matapeli. Basi Whitcomb kashika hilo kwa mikono miwili. Mgonjwa akitoka kwa Verlyn, kwake hapokewi. Ndiyo maana nusu ya mji huu tunaegesha pikapu kule nyuma ya ghala la mahindi, tunazunguka uchochoroni, tunaingia kwa Whitcomb kwa mlango wa nyuma kama wezi, Verlyn asituone wala Whitcomb asijue tumetoka kwa nani. Msijifanye hamjui! Nimewaona.

Haya, turudi Jumapili.

"Nani wa kwanza?" Dokta Verlyn akapangusa mikono.

"Mgonjwa awe wa kwanza," Idella akasema.

Gaylen akajilaza anaguna. Baba mkwe akapapasa, akatulia, akasema, "Hii hapa, shetani huyu," akasukuma. Kho! Gaylen akapiga ukelele ambao Marlys hajawahi kuusikia kwa mtu mzima. Kisha akasema polepole, "Baba, miguu yangu yote miwili imewaka moto."

"Vizuri. Damu inarudi."

"Siyo damu, baba. Moto."

"We kijana, nimefanya kazi hii kabla hujajua kuvaa suruali. Amka, tembea."

Gaylen akaamka, akatembea. Lakini alitembea kama mtu anayekanyaga mayai, na hakutoa mzaha wowote. Marlys aliliona hilo, akaenda kujilaza zamu yake ilipofika. Mbele ya baba yake, juu ya meza ile, hakuna aliyewahi kuuliza swali.

Jumatatu asubuhi Gaylen aliingia msalani akafungulia bomba la maji. Bomba likalia, likalia, Marlys akamaliza kukaanga mayai, likalia, mayai yakapoa.

"Gaylen! Umezama?"

"Niache, mama. Namsubiri mtu hapa na hataki kuja."

Alicheka lakini mwenzake hakucheka. Marlys akafungua mlango. Mumewe alikuwa amesimama ameshika ukuta, jasho linamtoka.

"Tangu lini?"

"Tangu jana jioni. Yaani mkojo hautoki, sisikii hata haja. Halafu... usicheke."

"Sicheki."

"Nikikaa, ni kama nimekalia mto wa mtu mwingine. Huku chini kote pamekufa. Makalio, katikati ya mapaja, hata... unajua. Vyote."

Marlys alijua. Hapo ndipo ninapowaomba mnisikilize vizuri, maana huyu mwanamke hakuwa mjinga. Chuoni mwalimu wao aliwaambia hivi: mgongo ukiuma, mnyoosheni. Lakini mgonjwa akikwambia sehemu anayokalia imekufa ganzi na haja ndogo haitoki, ondoa mikono yako. Kisahani laini kati ya pingili kimepasuka kikaminya fundo la mishipa ya fahamu. Hiyo ni ya kisu, na ya kisu cha siku hiyohiyo. Marlys alilijua hilo neno kwa neno.

Akafanya nini? Akaenda kazini kumwomba baba yake ruhusa.

"Baba, Gaylen hakojoi."

Dokta Verlyn alikuwa anatundika koti. Hakugeuka. "Mwambie anywe maji."

"Baba, na amekufa ganzi pale anapokalia. Chuoni walituambia hiyo ni ya kupeleka hospitali."

Hapo akageuka. "Nani alikulipia hicho chuo?"

"Baba, sisemi..."

"Nimekuuliza nani! Nikakulipia ukasome kunyoosha mgongo, ukarudi na woga wa wale wauza vidonge. Sikiliza, mwanangu. Mwili ukianza kujitengeneza, unapita njia ileile uliyoharibikia, kinyumenyume. Unazidi kabla ya kupona. Babu yako alikufundisha hilo ukiwa umekaa magotini kwake. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi hiyo ganzi ni dalili nzuri. Mlete mchana nimalizie kazi."

Huo ndio ugonjwa wa nyumba ile, jamani, mbaya kuliko wa Gaylen. Mtu akipata nafuu, ni mikono ya baba. Mtu akizidiwa, ni mwili unajitengeneza. Hakuna kitu ambacho kingeweza kutokea juu ya meza ile kikamwonyesha Dokta Verlyn kwamba amekosea. Angalieni hilo kwa makini, maana siyo la kwake peke yake.

Marlys akarudi chumbani kwake, akafunga mlango, akainua simu. Ng'ambo ya barabara, kupitia dirishani, alimwona Twila, karani wa Daktari Whitcomb, akiinua ya kwao.

"Kliniki ya Daktari Whitcomb."

"Naomba kuongea na daktari. Ni haraka."

"Nani mwenzangu?"

Na hapa, hapa kabisa, angeweza kusema "ni mke wa Gaylen Wessels, mume wangu anaumwa," na yule mtu angemsikiliza kama anavyowasikiliza wake za wakulima wengine. Lakini Marlys alikuwa ana cheti ukutani. Alikuwa amechoka kuitwa mbonyeza mifupa na watu wa upande ule. Akanyoosha shingo akasema, "Mwambie ni Dokta Marlys Haverkamp Wessels, namletea mgonjwa wangu."

Twila akageuka, akaita. Halafu sauti ya Whitcomb mwenyewe.

"Dokta wa nini?"

"Daktari Whitcomb, nina mgonjwa mwenye..."

"Nimeuliza dokta wa nini. Wa uchawi? Wa kuvunja vijiti? Sikiliza, binti. Mimi sipokei mabaki ya Haverkamp. Mwambie baba yako amalize alichoanza."

Simu ikakatwa. Marlys akamwona dirishani akiweka mkono wa simu chini, akasema kitu, Twila akaangua kicheko.

Mngekuwa nyie mngefanyaje? Mimi ningevuka barabara nikavunje kioo. Yeye alikaa, masikio yanawaka, akajiambia: kumbe baba ana haki, wale si watu. Na aibu ile ikamfanya kipofu kwa saa zilizokuwa za thamani kuliko zote. Mchana akamleta Gaylen. Akasimama pembeni, mikono nyuma, akatazama baba yake akimsukuma mumewe tena. Kho!

Safari hii Gaylen hakupiga ukelele, maana hakuna alichosikia. Nalo lilikuwa baya zaidi.

"Mnaona?" Dokta Verlyn akasema kwa furaha. "Maumivu yameisha."

Jumanne asubuhi Marlys alitoka na ndoo ya makapi, akamkuta mumewe ameanguka kwenye lango la zizi, ameshika ubao, mguu wa kushoto umelala kama si wake. Nguruwe wanamnusa. Suruali imelowa mpaka magotini, na mwenyewe hajui.

"Nimejimwagia maji," akasema.

"Gaylen, hakuna maji hapa."

Akajitazama. Mcheshi yule, jamani, aliyekuwa anatuvunja mbavu kwenye maonyesho ya kaunti, akajifunika uso kwa kofia akalia.

Marlys akamburuta mpaka kwenye pikapu. Na bado, hata hapo, gari lilielekea wapi? Kwa baba yake! Tabia ni kitu kibaya. Alijiambia anakwenda kumtaarifu tu, kwamba haiwezekani mtu wa Haverkamp aende hospitali baba hajui. Akaegesha mbele ya nyumba, akamwacha Gaylen kwenye kiti, akaingia jikoni wazee wakiwa wanakunywa kahawa.

"Baba, nampeleka."

"Unampeleka wapi?"

"Unajua ni wapi."

Dokta Verlyn akaweka kikombe. "Ukivuka ile barabara, usirudi kliniki kwangu. Jina lako nitalikwangua mlangoni kwa kisu, leo hii."

"Amejikojolea hajui, baba! Mguu haufanyi kazi! Ni mume wangu, si hoja yako ya kubishana na Whitcomb!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Ulimsukuma mara ya pili na nilikuwa nimekwambia! Nilikwambia!"

"Ulisoma miaka minne unataka kunifundisha mimi? Wewe ni shingo ngapi umezishika? Toka na huyo mumeo legelege. Siku zote nilisema hana uti wa mgongo."

Maneno hayo yalitoka na madirisha yako wazi. Gaylen aliyasikia kwenye gari. Mtaa mzima uliyasikia.

Idella akainuka. Nyie mnamjua Idella, mwanamke ambaye hata nzi anamfukuza kwa kumwomba samahani. Akaenda kwenye kabati, akashusha kopo la unga wa mahindi, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akatoa kichupa cha vidonge cheupe kwa unga. Akakiweka mezani mbele ya mumewe, tak.

"Nini hiki?"

"Vya presha. Vya Whitcomb."

Dokta Verlyn alitazama kile kichupa kama mtu aliyewekewa nyoka mezani.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanguka kanisani ukasema ni shingo. Uliinyoosha, Verlyn. Nikaanguka tena. Uliinyoosha tena. Nikaenda uchochoroni kwa mlango wa nyuma, nikamsihi mpaka akanipokea kwa siri, na tangu hapo sijaanguka. Na kila Jumapili nalala kwenye meza yako, unawaambia watu, mtazameni Idella, hajameza hata kidonge kimoja maishani."

"Umenidhalilisha," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini hasira iliyokuwamo ilitosha kuunguza nyumba.

"Bado niko hai nikudhalilishe. Marlys, nenda! Unasubiri nini hapo? Unasubiri akubariki?"

Marlys akakimbia.

Hakuegesha nyuma ya ghala. Alisimamisha pikapu katikati ya barabara kuu, mlango wazi, injini inanguruma, akamwingiza Gaylen, ameegemea begani kwake, kwa mlango wa mbele wa Daktari Whitcomb, watu wamejaa kwenye viti. Nusu yao walikuwa wagonjwa wa baba yake! Mmoja akajifunika uso kwa gazeti.

Twila akasimama. "Huwezi kuingia hivyo, kuna zamu."

"Mwite."

"Nimesema kuna..."

"Twila, jana ulicheka. Leo mwite."

Whitcomb akatoka mwenyewe, miwani kwenye paji la uso. Alipomwona ni nani, mdomo ukapinda. "Ahaa. Mmeshamvunja, sasa mnaniletea vipande."

Marlys alikuwa na majibu mengi mdomoni. Alikuwa nayo tangu chuoni. Akayameza yote.

"Mimi ni mke wake," akasema. "Na mimi ni tabibu wake. Msikilize yeyote kati ya hao wawili unayemtaka, lakini sikiliza. Hajakojoa kwa hiari tangu Jumapili jioni. Pale anapokalia pamekufa ganzi pande zote mbili. Mguu wa kushoto hauinuki tangu leo asubuhi. Amenyooshwa mara mbili, Jumapili na jana, na ya jana haikupasa."

Yule mzee akafungua mdomo kutoa kebehi nyingine. Halafu yale maneno yakamfikia. Mliokuwepo mnasema uso wake ulibadilika kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu. Akamlaza Gaylen, akachukua pini.

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Umeanza?" Gaylen akauliza.

Whitcomb akaiacha pini. "Twila! Gari la wagonjwa, na nipigie hospitali kubwa, daktari wa upasuaji wa mishipa ya fahamu, sasa hivi!" Kisha akamgeukia Marlys, na mnadhani alishukuru? Alimfokea! "Tangu Jumapili! Unajua hii ni nini halafu unakuja Jumanne?"

"Nilikupigia Jumatatu."

Wote waliokuwa kwenye viti walisikia.

"Nilikupigia Jumatatu asubuhi," Marlys akarudia, "ukaniuliza dokta wa nini."

Whitcomb akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mpaka leo hajajibu.

Walimpasua Gaylen siku hiyohiyo. Kisahani kilikuwa kimepasuka vipande viwili, kimebana mishipa kama mlango unavyobana kidole. Daktari wa upasuaji, mwanamume mtulivu asiyejua lolote la ugomvi wa Tillford, alimwambia Marlys bila chuki yoyote, na ndiyo maana ilimchoma zaidi: "Miguu tumeiwahi. Atatembea, ingawa wa kushoto atauburuta. Kibofu hatukukiwahi. Mngekuja Jumatatu tungekuwa na nafasi nzuri."

Jumatatu. Siku ambayo alijua, akaomba ruhusa, akajiita dokta, akakasirika, akasimama mikono nyuma.

Gaylen amerudi nyumbani. Anatembea na fimbo, na kila baada ya saa kadhaa anaingia msalani na mpira wa mkojo, na itakuwa hivyo maisha yake yote. Na kile kingine alichoambiwa hakitarudi kama zamani, wametaka watoto tangu waoane, nyie watu wazima mmeelewa, sisemi zaidi. Mizaha imerudi kidogo, lakini ina ncha. Marlys akimwuliza "unajisikiaje?" anamjibu, "Nani anauliza, mke au dokta?" Wakati mwingine anacheka baada ya kusema hivyo. Wakati mwingine hacheki.

Jina la Marlys limekwanguliwa kweli pale mlangoni, nendeni mkaone, rangi imebaki na makovu. Amekodi chumba kidogo juu ya duka la vitambaa. Anawanyoosha watu, bado anaipenda kazi ile na bado ni mzuri. Ila kabla hajamgusa mtu anamwuliza maswali mpaka watu wanalalamika: unakojoaje, unapokalia pana ganzi, umepungua uzito, unaamshwa na maumivu? Na akikutilia shaka anakutuma ng'ambo ya barabara, mlango wa mbele. Whitcomb anawapokea. Hamsemeshi Marlys, hata salamu, lakini anawapokea.

Na Jumapili iliyopita? Hii ndiyo habari yenyewe, niliitunza.

Idella aliwaita wote. Gaylen hakutaka kwenda, akaenda kwa ajili ya mama mkwe. Nyama ileile, jeli ileile. Uma tu zinagonga sahani. Dokta Verlyn hakumwangalia mkwewe, na mkwewe hakumpa mkono. Sahani zikaondolewa. Mzee akasimama, akaingia chumba cha pili, akapangusa mikono, akasema kama alivyosema maisha yake yote:

"Nani wa kwanza?"

Hakuna aliyeinuka.

Marlys alikuwa ameshika mkono wa Gaylen chini ya meza. Mzee akasimama pale mlangoni, mikono ile mikubwa imening'inia, nyuma yake meza nyeusi tupu. "Nani wa kwanza?" akauliza tena, na safari hii ilikuwa kweli anauliza.

Idella akaivuta glasi ya maji. Akafungua kichupa, sasa kinakaa wazi pembeni ya chumvi, akatoa kidonge chake, akakiweka ulimini huku anamtazama mumewe usoni, akakimeza.

Dokta Verlyn akaufunga mlango wa kile chumba, yeye akabaki ndani.

FUNZO

Msiniambie funzo ni kwamba watu wa mgongo ni wabaya. Mkilibeba hilo mmebeba maneno ya Whitcomb, na Whitcomb ana sehemu yake katika ile fimbo ya Gaylen. Mikono ya tabibu wa mgongo ni mizuri kwa kinachohusu mikono. Lakini kila kazi ina mpaka, na anayekataa kuuona mpaka wake, mgonjwa ndiye anayeulipia kwa mwili wake.

Basi wewe unayenyoosha watu, sikia. Mtu akifa ganzi pale anapokalia, haja ikikwama au ikitoka bila yeye kujua, mguu ukilegea, ondoa mikono, mpeleke siku hiyohiyo. Mgongo ukiuma usiku kucha hata mtu akilala, au una homa, au mtu anakonda bila sababu, au aliwahi kuugua saratani, au ameanguka vibaya, au maumivu yamemjia kifuani na mkononi, usimguse, mtume. Na umemnyoosha akazidiwa? Usimwambie mwili unajitengeneza. Amezidiwa, basi.

Wewe daktari wa hospitali, unapokata simu, siyo mpinzani wako unayemkatia. Kuna mtu amesimama msalani kafungulia bomba.

Na nyie wenzangu mnaozunguka nyuma ya ghala la mahindi, acheni. Uongo wetu ndio uliowafanya wazee wale wawili waendelee kudhani kila mmoja anatutosha. Ingieni kwa mlango wa mbele, semeni wazi kwa huyu na kwa yule mnatibiwa na nani na kwa lipi.

Na siku ukilazimika kumwombea mtu msaada, ukaulizwa kwenye simu wewe ni nani, taja kwanza jina la mgonjwa. La kwako litasubiri.